Tafakari ya Juma: Mvua ya Mawe na Wanaomtafuta Aliyeileta



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja nje ya sakristia hata watu walipopungua, ndipo akatuuliza: "Baba Paroko, ile mvua ya mawe iliyomaliza maharage ya watu kule kigangoni bondeni, Kanisa linaisemaje?" Hatukumjibu pale pale. Tulifahamu ya kuwa swali lake lilibeba swali jingine ndani yake. Tangu mvua ile inyeshe, yapo majina mawili yanayotajwa kwa kunong'onezana, na yote mawili ni ya wanawake wazee wanaoishi peke yao. Mama yule hakuyataja, wala sisi hatukumdadisi. Tulimwahidi jibu katika ukurasa huu, na jibu lenyewe hatuna budi kulianzia mbali, kwa sababu sisi tunaoandika tuna deni katika jambo hili.

Wengi wenu mnafahamu kwamba kabla ya kukabidhiwa parokia hii tulikaa miaka mitatu Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, pale kusini inapoanza milima ya Alpi, tukisaidia kazi za kichungaji katika parokia za vijijini. Ni nchi ambayo Wakatoliki wa kusini mwa Tanzania tuna undugu nayo. Abasia ya Mtakatifu Otilia, walikotoka Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, haikuwa mbali nasi. Tulipewa nyumba ya mapadre yenye paa la vigae vyekundu, bustani ya nyanya, na gari la parokia lililokuwa zee kuliko baadhi ya watumishi wa altare. Ikawa nyumbani kwetu.

Jumamosi tarehe 26 Agosti 2023 tulikuwa peke yetu humo, tukiandaa homilia ya kesho yake. Siku zilizotangulia zilikuwa za joto kali, joto la kumfanya mtu adhani amekosea njia akafika Dar es Salaam. Alasiri hiyo mawingu yalipanda kutoka magharibi, meusi upande wa chini na yenye rangi ya kijani iliyofifia katikati, rangi ambayo hatukuwa tumepata kuiona angani. Upepo ulitulia. Kuku wa jirani waliingia bandani bila kuswagwa. Kisha kitu kimoja kikagonga juu ya gari lililokuwa limeegeshwa uani, kama kokoto lililorushwa na mtoto mtukutu, nasi tukainuka kwenda kumkemea mtoto huyo. Hatukuufikia mlango.

Waliokulia chini ya paa la bati wanajua kishindo cha masika, pale mwalimu anapoacha kufundisha na kuwaacha watoto wakae tu hata mvua ipungue. Hiki hakikuwa kishindo cha namna hiyo. Kioo cha dirisha la darini kilipasuka kwanza, halafu vigae vya paa, kimoja baada ya kingine, mithili ya mtu anayevunja sahani kwa makusudi. Mawe ya barafu yalipenya darini na mengine yakashuka kwenye ngazi yakirukaruka. Tulijibanza chini ya ngazi hizo na rozari mkononi, na tukisema kweli, hatukumaliza hata fumbo moja. Tulilitaja jina la Yesu tu, tena na tena, na sauti yetu wenyewe hatukuisikia. Yote hayo yalidumu labda robo saa.

Kilichofuata ni ukimya, na harufu ya majani mabichi kana kwamba kijiji kizima kimefyekwa. Ua ulikuwa mweupe. Nyanya hazikuwapo, hata mashina yake. Gari lilikuwa na vishimo mwili mzima, kama aliyetoka kwenye ndui. Tuliokota jiwe moja lililokuwa limeegemea ngazi ya mlangoni, tukaliweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 95. Mengine yaliyokuwa yamelala nyasini yalikuwa makubwa zaidi. Ndugu zetu wa Songea hawahitaji kufundishwa habari za maji na risasi. Mwaka 1905 babu zao waliahidiwa kwamba maji yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji, nasi tulikuwa tumesimama katika ua wa Wajerumani tukiyatazama maji yaliyogeuka risasi.

Tulikuja kujua baadaye kwamba kwetu kulikuwa na nafuu. Kilomita chache tu kutoka hapo, huko Benediktbeuern, ipo monasteri iliyoanzishwa katika karne ya 8, ambayo tangu mwaka 1930 inakaliwa na Wasalesiani wa Don Bosco. Paa za monasteri hiyo, pamoja na paa la basilika yake, zilitobolewa vibaya, na madirisha yakavunjika kwa mamia. Katika kijiji cha Bad Bayersoien, nyumba zilizoharibika zilikuwa nyingi kuliko zilizosalimika.

Mtu wa kwanza kutufikia alikuwa jirani yetu, mjane aliyekwisha kupita miaka themanini, ambaye moyoni tulizoea kumwita Bibi. Mkononi alishika mshumaa mweusi. Wakatoliki wazee wa Bavaria huwa nao nyumbani. Hubarikiwa katika mahali pa hija pa Bikira Maria huko Altötting, na huwashwa wakati wa tufani. Mshumaa wake ulikuwa umewaka muda wote, na juu ya mlima mdogo wa nta nyeusi utambi bado ulikuwa unatoa moshi. Alitazama paa letu, akatazama la kwake, akatuuliza: "Padre, tumekosa nini?"

Seminarini tulifundishwa kutofautisha uovu utokanao na maumbile na uovu utokanao na utashi wa mwanadamu, na katika mtihani huo tulipata alama nzuri. Mbele ya Bibi yule alama hizo hazikutufaa kitu. Tulibaki kimya, kwa sababu swali lake lilikuwa limetukumbusha mwanamke mwingine, ambaye hatukuwa tumemkumbuka kwa miaka mingi.

Mwaka 2012, tukiwa na upadre wa miaka miwili na bidii isiyo na busara, tulikuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya nyanda za juu kusini. Mvua ya mawe ilishuka katika kigango kimoja, ikayachanachana mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa mbelewele. Kwa familia nyingi huo ndio ulikuwa mwisho wa chakula cha mwaka. Dominika iliyofuata tulipanda kuhubiri, tukasema kwa sauti kubwa na kidole juu kwamba Mungu hapigi bila sababu, na kwamba miongoni mwetu yumo aliyetuletea hili. Sisi tulikuwa na nia ya kusema juu ya ulevi na ndoa zisizobarikiwa. Lakini waamini hawakuisikia nia yetu, waliyasikia maneno yetu. Na kijijini hapo alikuwapo bibi mmoja, mjane, mwanachama wa WAWATA, ambaye shamba lake la mahindi lilikuwa nyuma ya kilima, ng'ambo ya safu ya mikaratusi. Shamba hilo halikuguswa hata jani.

Kabla ya Dominika nyingine kufika, nyumba yake ilikuwa imekwisha kupigwa mawe, haya ya ardhini ambayo hayayeyuki. Mwanawe alikuja kumchukua usiku. Katekista alitueleza habari hizo miezi miwili baadaye, akizunguka na kuchagua maneno ili asituumize. Tulihuzunika, tukaadhimisha Misa kwa nia yake, kisha tukahamishwa, tukasahau. Hatukumtafuta. Hilo ndilo deni tulilolitaja mwanzoni.

Ndugu wapendwa, hebu tulitazame shamba lile la nyuma ya kilima, kwa maana ndilo lililokuwa ushahidi dhidi ya bibi huyo. Mvua ya mawe huzaliwa ndani ya wingu refu la radi, lile linalopanda angani kilomita kumi na zaidi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa nguvu, ikibeba matone ya maji hadi penye baridi kali, na huko matone hayo huganda juu ya chembe ya barafu. Chembe hiyo hushikiliwa juu na upepo uleule unaopanda, ikizidi kujipaka maji na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Tulipolipasua lile jiwe la gramu 95 tulizikuta pete zake kama za kitunguu maji. Linapokuwa zito kuliko nguvu ya upepo, huanguka. Wingu nalo halisimami, husafiri, na mawe yake huanguka katika ukanda ambao mara nyingi ni mwembamba, huku likiacha shamba hili na kulipiga lile. Nchi za joto kama yetu huponea kwa sababu mawe mengi huyeyuka kabla ya kufika chini, isipokuwa nyanda za juu ambako safari ya kuja chini ni fupi. Ndiyo maana Kericho na vilima vya Nandi huko Kenya, penye mashamba ya chai, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi. Bibi yule alilima nje ya ukanda. Hilo ndilo kosa lake lote.

Usiku wa Jumamosi ile alitupigia simu kutoka nyumbani padre mmoja tuliyesoma naye. Alikwisha kupata habari. Alitupa pole, halafu akaongeza kwamba Mungu anawarudi Wajerumani kwa kuliacha Kanisa. Ni kweli kwamba wanaliacha; mwaka 2022 pekee Wakatoliki zaidi ya laki tano walijiondoa rasmi nchini humo. Tulimwuliza mwenzetu: kama ndivyo, mbona jiwe limetoboa basilika? Mbona limelipata paa la mjane mwenye mshumaa uliobarikiwa, na waliojiondoa, wakazi wa mijini kwa wengi wao, wamelala pakavu? Alisema Mungu huanza na walio wake. Tulimwambia kwamba maneno hayo tuliwahi kuyatumia sisi pia, na kwamba yana ubaya mmoja: hakuna tukio duniani linaloweza kuyashinda. Aliyepigwa, kapigwa kwa dhambi; aliyesalimika, kasalimika kwa uchawi.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya 21 ya Mwaka, na Injili iliyopangwa na Kanisa ilikuwa ile ya Petro kuitwa mwamba. Tuliadhimisha Misa chini ya paa lililofunikwa turubai, na waamini wengine walitabasamu neno mwamba liliposomwa. Hata hivyo, somo la pili ndilo lililotushika, ambamo Mtume Paulo anakiri mbele ya Warumi kwamba hakuna aliyepata kuwa mshauri wa Mungu. Sisi tulikuwa tumejifanya washauri wake mwaka 2012. Homilia tuliyoiandaa tuliiacha mezani. Tuliwakumbusha tu wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Mwinjili Luka anatusimulia. Bwana wetu aliwauliza wasikilizaji wake kama hao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, naye mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Kisha akawataka watubu hao waliokuwa wakimsikiliza, ambao hawakuwa wameangukiwa na chochote. Toba aliwadai walio hai kwa ajili yao wenyewe. Hakuwaruhusu kumtafutia maiti dhambi yake.

Jambo moja tulilishuhudia ambalo tungependa mlitafakari. Kilomita tatu kutoka kwetu kilikuwapo kijiji ambacho hakikupata hata jiwe moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jioni ileile wazimamoto wa kujitolea wa kijiji hicho, vijana wakulima, mafundi magari na mwalimu mmoja, walikuja na maturubai na kamba, wakapanda juu ya mapaa hadi usiku wa manane. Baadaye wakaja watu wa bima. Msidhani bima ni jambo la Wazungu. Ni kaka mkubwa wa vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, watu wengi wakichanga kidogo ili mmoja asianguke peke yake.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi, maana si tangu zamani walikuwa hivyo. Tarehe 3 Agosti 1562 mvua kubwa ya mawe ilipiga eneo la Wiesensteig, kusini mwa Ujerumani. Watu wakauliza nani kaileta, wakakamatwa wanawake, wakateswa, wakataja wenzao, na mwaka uliofuata hesabu ya waliouawa ilifika 63. Karne nyingi kabla ya hapo, yapata mwaka 815, askofu mkuu wa Lyon huko Ufaransa, aitwaye Agobard, alilazimika kuandika kitabu kizima juu ya mvua ya mawe na ngurumo. Watu wake waliamini kuwa wapo wanaoweza kuamsha tufani, na kwamba merikebu husafiri mawinguni kutoka nchi iitwayo Magonia, zikija kuchukua mazao yaliyoangushwa. Siku moja aliwakuta watu wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wamefungwa, wakisubiri kupigwa mawe kwa madai kwamba walidondoka kutoka katika merikebu hizo. Askofu alihojiana na umati hata washitaki wakaaibika. Alilalamika pia kwamba watu wale hawakutoa zaka ipasavyo, lakini yule aliyejinadi kuwa anaweza kuzuia mvua ya mawe walimlipa bila kukumbushwa. Tunaliacha jambo hili la zaka mikononi mwa kamati ya fedha. Na mwaka 1631 alikuwapo Mjesuiti Friedrich Spee, aliyechapisha kitabu cha kupinga mashitaka ya uchawi wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari kwa maisha yake. Basi asije mtu akasema kwamba kuwatetea bibi wazee ni mambo ya kisasa yaliyoingizwa kanisani.

Kwetu mawe haya huua kweli. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, huko Mwakata wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo iliziangusha nyumba za matope juu ya watu waliolala, na takribani watu arobaini walipoteza maisha. Kilichowaua wengi wao ni kuta. Hatukumbushii msiba huo kwa kutafuta mfano. Tunaukumbushia kwa kuwa mkoa huo huo wa Shinyanga, pamoja na mikoa jirani, umekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo bibi wazee wanauawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni walizotumia kuwapikia hao hao wanaowahukumu. Aidha, Sheria ya Uchawi, iliyokuwapo tangu mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata yule anayemtuhumu mwenzake. Wanaonong'ona kule kigangoni walifahamu hilo.

Tunajua mtatuuliza: je, Maandiko Matakatifu hayasemi kwamba Mungu mwenyewe aliipiga Misri kwa mvua ya mawe? Yanasema. Someni basi sura ya tisa ya Kitabu cha Kutoka mpaka mwisho, msiishie katikati kama tulivyofanya sisi. Kwanza, mawe yale yalimlenga Farao aliyekuwa akiwatumikisha watumwa, hayakumtafuta mjane. Pili, Musa alitumwa kutoa onyo siku moja kabla, ili watu na mifugo waingizwe ndani, na Wamisri waliolijali onyo hilo waliokoa vilivyo vyao. Tatu, mwandishi anataja kwamba kitani na shayiri viliharibiwa ila ngano ikabaki, kwa sababu ngano huchelewa kukomaa. Angalieni, ndani ya simulizi la pigo lenyewe, kusalimika kwa ngano kunaelezwa kwa kalenda ya mkulima. Nasi katika kigango cha nyanda za juu tulikuwa na shamba lililosalimika, wala hatukujishughulisha kwenda kukitazama kile kilima.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule mama ni hili. Kanisa linaomba kinga dhidi ya tufani, na halioni haya kufanya hivyo. Kule Bavaria, tangu masika yao hadi Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, tarehe 14 Septemba, padre hutoa baraka ya hali ya hewa mwishoni mwa Misa, nasi tuliitoa kwa moyo wote, hata baada ya paa letu kutobolewa. Tutaianzisha sala ya namna hiyo hapa pia, msimu wa mvua ukianza. Lakini mikesha ile inayofanyika katika baadhi ya nyumba, ambamo yanaitwa majina ya watu ili "wafunguliwe" au "wakomeshwe", hatukuiruhusu na hatutairuhusu. Kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo atakayeisimamia atatuachia kitabu cha mahudhurio na kupumzika uongozi. Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yatasomwa pamoja na matangazo ya ndoa, na kengele ya kigango itapigwa panapotolewa tahadhari, si kwa kuifukuza mvua, bali ili watoto na mbuzi waingie ndani. Sadaka ya pili ya Dominika ijayo itanunua mbegu za maharage kwa kaya zilizoharibikiwa. Wale bibi wawili nao wanahesabiwa katika kaya hizo, kwa kuwa, kama aliyetunong'oneza angejali kutazama, mashamba yao pia yamepigwa.

Lipo na lile deni. Tuliporudi nchini mwaka 2024 tuliuliza mpaka tukaambiwa alipo yule bibi wa kigangoni. Anaishi kwa mwanawe, mbali na ndugu zake, katika chumba cha uani. Tulifika bila taarifa. Alitutambua, akatuamkia kwa heshima aliyowapa mapadre siku zote, na heshima hiyo ilituumiza kuliko tungetukanwa. Tulipiga magoti tukamwomba msamaha kwa maneno tuliyoyasema mwaka 2012. Hakujibu upesi. Alimwagiza mjukuu alete chai, akatutaka tuketi kitini kama watu.

Tukamsimulia ya Bavaria, naye akasikiliza sana, hasa habari za vigae na za mshumaa mweusi. Akauliza kama ni kweli mawe ya barafu yanawaangukia hata Wazungu. Tukamwambia ni kweli.

"Na wao walimtafuta nani?"

Tukamjibu kwamba walimtafuta fundi wa paa, tena kwa shida, maana mafundi walikuwa wachache na foleni ilikuwa ya miezi.

Alicheka kidogo, akasema chai inapoa. Juu ya msamaha alitwambia kwamba alikwisha kutusamehe zamani, ila kurudi kule harudi, nasi tusimwombe arudi. Hatukumwomba. Alichotaka ni Ekaristi, kwa kuwa kanisa la pale liko mbali na miguu yake imechoka. Kwa ruhusa ya paroko wa mahali, tunampelekea kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Barabara ni mbaya na masika haikupitika mara mbili. Mwezi huu tutaondoka Alhamisi jioni, hivyo watakaotaka kuungama siku hiyo wawahi kabla ya saa tisa.